Kiwanja Kimoja, Majina Manne

Katika mitaa ya Kiseke, kaskazini mwa mji wa Mwanza, wafanya kazi wa mishahara midogo wameanza kufanya jambo ambalo wengi wa baba zao hawakulidhani. Walimu, wauguzi, madereva, mafundi waashi na watu wa viwanda vya minofu ya samaki hukusanyana watatu au wanne, wakachanga fedha zao, wakanunua kiwanja kwa shirika, na hatimaye wakajenga vyumba vya kupangisha. Neno hili "uwekezaji", ambalo zamani lilikuwa neno la mabenki na makampuni, leo lasikika kwenye vibanda vya chai na ndani ya daladala. Nasi twalipokea kwa furaha, kwani mtu ambaye hana tegemeo lingine ila mwisho wa mwezi, huyo yu mikononi mwa mwingine.

Lakini furaha yetu ina wasiwasi ndani yake. Wengi wa hao wanaoanza, huanza kwa kupeana mikono. Huulizana, "Sisi si tunaaminiana?" Kisha kiwanja huandikwa jina la mmoja wao, pengine yule aliyekuwa na nafasi ya kwenda ofisini siku ile, pengine yule aliyemjua muuzaji kwanza. Tangu siku hiyo fedha za watu wanne zimo ndani ya jina la mtu mmoja, naye ni binadamu, aweza kuugua, aweza kuingia tamaa, na hana budi kufa. Juu ya jambo hilo ndipo twataka kusema leo.

Si ajabu kwamba habari hii yatoka Kiseke. Wilaya ya Ilemela, ambamo kata hii imo, ilihesabiwa watu 343,001 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikawakuta 509,687. Ni zaidi ya watu 166,000 walioongezeka kwa miaka kumi, na kila mmoja wao hutafuta mahali pa kulaza ubavu wake. Mahali palipokuwa mashamba na mawe makubwa, pamepimwa na kujengwa. Shirika la pensheni la PPF lilijenga nyumba huko, na ijapokuwa shirika lenyewe liliunganishwa na wenzake mwaka 2018 likawa PSSSF, wananchi wameendelea kupaita Kiseke PPF, kana kwamba mashirika hufa lakini vituo vya daladala havifi. Na tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, madalali wamepata wimbo mpya: kila kiwanja, hata kilicho juu ya mwamba, husifiwa kwa sababu ya daraja. Wanunuzi wakumbuke kwamba daraja hilo liko Misungwi, upande wa pili kabisa wa mji.

Kabla hatujaendelea, twajua kuna wazee watakaouliza: je, mfanya kazi mwenye nyumba ya kupangisha si mnyonyaji? Swali hilo lina asili yake, wala si la kuchekwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, pamoja na kuwa na hisa katika makampuni na kupokea mishahara miwili. Ni mwaka 1991, kwa maamuzi yaliyofanyika Zanzibar, ndipo masharti hayo yalipolegezwa. Kwa maoni yetu, kiini cha katazo lile kilikuwa uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye vyumba vitano anayemdai mpangaji kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja, choo kikiwa kimebomoka, huyo hana cha kumweka mbali na makabaila wa zamani, hata kama yeye mwenyewe alikuwa mpangaji mwaka juzi. Lakini watu wanne waliotoa jasho lao wakajenga vyumba vizuri, wakapokea kodi ya haki kwa mwezi au kwa miezi mitatu, hao wameongeza makao ya watu katika mji wenye upungufu wa makao. Hatuoni kosa lao.

Mwanza si mgeni wa kuchanga. Mwaka 1947 kijana Paul Bomani, ambaye baadaye, baada ya Uhuru, alikuwa Waziri wa Fedha, alishika kazi katika chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa mji huu. Mapema katika miaka ya 1950 akawa mbele ya wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vyao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo kufikia Uhuru lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika nzima, lenye viwanda vyake vya kuchambua pamba. Kazi hiyo kubwa ilianzia kwenye mizani. Wakulima waliamini kwamba wapunjwa katika kupimiwa pamba yao, basi wakaweka watu wao wenyewe wa kusimama penye mizani na kuandika uzito.

Twaomba msomaji aitazame mizani hiyo kwa makini, maana wengi hueleza historia ya ushirika kana kwamba ilijengwa kwa mapenzi matupu. Wakulima wale walipendana, ni kweli. Lakini kilichowapa nguvu ni kwamba kila mmoja aliweza kuuona uzito wa pamba yake ukiandikwa. Hata shirikisho lilipokuwa kubwa mno, makao yake yakawa mbali na mwanachama wa kijijini, daftari halikuonekana tena na mwenye mali. Malalamiko yakazidi, na mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika nchini. Shirikisho likageuzwa kuwa chama kikuu cha Nyanza, vyama vikuu vyote vikavunjwa mwaka 1976, vikafufuliwa katika miaka ya 1980, na ugomvi juu ya majengo na viwanja vya chama hicho ukaendelea kwa miaka mingi. Jirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao: makampuni ya kununua mashamba katika Bonde la Ufa, yaliyochangiwa na maelfu ya watu maskini katika miaka ya 1960 na 1970, yaliwaacha wengi wao wakishika vyeti vya hisa kwa miaka mingi bila kuoneshwa kipande chao cha ardhi.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni juu ya idadi. Mtu anayeanza, na aanze na wenzake wawili au watatu, wanne wakizidi sana. Wabia wanne huweza kukutana chini ya mwembe wakalimaliza neno. Wabia kumi na watano huhitaji mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mara wakishakuwa na hao, wamekuwa na serikali ndogo, nayo serikali hutaka kodi. Wakiwa wengi kiasi hicho, heri waandikishe kampuni kwa BRELA, au chama cha ushirika kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, ili kampuni au chama chenyewe ndicho kiwe na jina na mali.

Na hao wawili au watatu ni akina nani? Hapa watu hukosea kwa wema. Humchukua mbia kwa sababu ni mtu wa kwao, au walisali pamoja, au ni shemeji, au ni mkubwa wao kazini ambaye haifai kumkatalia. Sisi twasema, mpime mtu kwa fedha ndogo kabla hujampa kubwa. Ni nani miongoni mwa jamaa zako ambaye mmecheza naye upatu kwa mwaka mzima, naye akatoa zamu yake kwa siku yake, hata baada ya kwisha kupokea fungu lake? Huyo ametoa ushahidi. Mtu mkarimu anayewanunulia wote soda lakini hukopa nauli tarehe kumi na tano, ni rafiki mzuri wa kukaa naye, si mbia wa kiwanja. Mkubwa wa kazini afadhali aachwe kabisa, kwa kuwa siku mtakapotofautiana kwenye hesabu, hamtajua kama mnajadiliana na mbia au mnamkaidi bwana mkubwa. Kwa jamaa aliyeko ng'ambo ambaye huenda amechukua uraia wa nchi nyingine, aulize kwanza ofisi ya ardhi, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 humfungia mgeni njia ya kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa.

Kuna na watu wa namna nyingine ambao huitwa "wa kuaminika": dalali, mwenyekiti wa mtaa, mpima ardhi, wakili, fundi mkuu. Hao ni watu wa lazima, na mwenye kuwajua wazuri amepata nusu ya mtaji. Lakini kila mmoja aaminiwe katika kazi yake tu. Dalali hulipwa kiwanja kikiuzwa. Msitarajie awaambie kisinunuliwe. Mwenyekiti wa mtaa huwajua majirani na huzijua fitina zote za mipaka, naye ni shahidi wa thamani sana. Lakini muhuri wake juu ya karatasi ya mauziano ni ushahidi kwamba watu wawili waliuziana, hauwezi kumfanya muuzaji awe mwenye mali ikiwa hakuwa. Twasema hivi kwa heshima zote kwa wenyeviti wetu. Watu wengi wameshika karatasi yenye muhuri wakidhani wameshika hati.

Basi ni nini hasa kinachonunuliwa? Kwa sheria zetu, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, kwa masharti: alipe kodi ya ardhi kila mwaka, na aiendeleze kwa namna iliyopangwa. Kwa hiyo kiwanja kilichopimwa kina maandishi yake mahali fulani, nayo yanaweza kusomwa. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, wabia wawili kati ya wanne, si mmoja, waende katika ofisi ya ardhi wakaombe upekuzi rasmi wa daftari la Msajili wa Hati. Huko wataambiwa jina la mwenye haki, kama kiwanja kimewekwa rehani benki, na kama kuna zuio la mtu mwingine. Kisha waende kiwanjani mchana pamoja na mpima, waoneshwe bikoni moja moja, na wamwite jirani wa kila upande aseme kama mpaka ndio huo. Na wamwulize muuzaji juu ya mke wake, au mume wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe na mmoja pasipo ridhaa ya mwenzake, na mabaraza yamejaa wanunuzi waliosahau swali hilo dogo.

Kwa kiwanja kisichopimwa, twaonya zaidi. Bei yake huvutia, na katika vilima vya Mwanza vipo vingi. Lakini mnunuzi huyo hununua pamoja na kiwanja mashaka ya barabara itakayopita, ya shule itakayohitaji eneo, na ya mrithi wa muuzaji ambaye bado yuko machungani Meatu. Wanaovutwa na ufukwe wa ziwa nao wakumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa maji, na ziwa lenyewe lilipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, likajionesha mwenyewe mpaka wake ulipo.

Sasa tufike penye fundo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu, muuguzi, dereva na fundi mwashi wakubaliana kuchanga shilingi 150,000 kila mwezi kila mtu. Kwa mwezi ni 600,000. Kwa miaka miwili ni 14,400,000. Wanunua kiwanja, na karatasi zote zaandikwa jina la mwalimu. Fundi, kwa kuwa kazi zake hupatikana na kukosekana, baada ya mwaka mmoja hutoa 50,000 tu, lakini yeye ndiye anayejenga msingi, ndiye anayepasua mawe, na Mwanza kupasua mawe si kazi ndogo. Hakuna aliyeandika siku zake. Mwaka wa tatu, vyumba vinne vikiwa vimeezekwa, mwalimu afariki dunia kwa ajali.

Ndugu zake wakaa kikao cha ukoo. Mahakama yamteua msimamizi wa mirathi, naye, kama wajibu wake ulivyo, aorodhesha mali zote zenye jina la marehemu. Kiwanja chaingia katika orodha. Msimamizi huyu si mwizi. Ameyasoma maandishi, na maandishi yasema hivyo. Wale watatu waja na ushahidi wao: ujumbe wa simu, mama muuza chai aliyewaona wakihesabu fedha, na picha waliyopiga siku ya kumwaga zege. Mjane awatazama, hajapata kuwaona hata mara moja, maana marehemu hakumwambia. Kwa nini awaamini watu watatu wanaofika wiki ya pili baada ya mazishi, wakidai robo tatu ya kitu pekee walichobakiwa nacho watoto wake?

Sasa geuzeni mfano huo. Tuseme karatasi zilikuwa na jina la dereva, na aliyekufa ni mwalimu yule yule. Mjane afika Kiseke kwa kuwa aliwahi kusikia mumewe akitaja vyumba. Dereva amwambia, "Mama, pole sana, lakini marehemu hakuwa na kitu hapa." Mjane huyo ataanza kudai akishika nini? Katika mfano wa kwanza wabia ndio wanaoumia, katika wa pili mjane na mayatima. Na ugonjwa ni mmoja, jina la mtu mmoja juu ya mali ya watu wanne.

Dawa yake imo katika sheria tangu mwaka 1999, wala si ghali. Sheria ya Ardhi yaruhusu watu wawili au zaidi kuandikwa pamoja kuwa wamiliki wa kiwanja kimoja, na yataja namna mbili. Katika namna ya kwanza wote ni kama mtu mmoja, na mmoja akifa, haki yake hubaki kwa waliosalia. Hiyo yafaa kwa mume na mke. Katika namna ya pili kila mmoja ana fungu lake lisilogawanywa kwa mipaka ardhini, na akifa, fungu hilo huenda kwa warithi wake. Namna hii ya pili ndiyo ya wabia. Basi majina yote manne yaandikwe katika hati, na mafungu yatajwe: mwalimu thelathini kwa mia, muuguzi thelathini, dereva ishirini na tano, fundi kumi na tano, au kama watakavyokubaliana. Wakiisha kuandikwa hivyo, hapana mmoja awezaye kukipeleka kiwanja chote benki kwa siri. Na ikiwa kwa sababu fulani hati imekwisha kutoka kwa jina la mmoja, wenzake waende kwa Msajili kuomba kuweka zuio la kisheria mpaka mambo yatakaposahihishwa.

Tena wawe na mkataba wao wa ubia, ulioandikwa. Sheria yetu ya ardhi haiutambui mkataba wa mdomo wa kuhamisha haki ya kiwanja, hata ukishuhudiwa na kijiji kizima. Waswahili walisema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliosomeshwa na wamisionari twakumbuka pia kisa cha nabii Yeremia aliyenunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Jeshi la adui lilikuwa limeuzingira mji, naye mwenyewe yu kifungoni. Hata hivyo alipima fedha mizanini mbele ya mashahidi, akatia sahihi hati mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Na muuzaji alikuwa mtoto wa ami yake! Kama mtu wa namna ile, katika hali ile, na kwa ndugu wa damu, aliona haja ya nakala mbili na mashahidi, mwalimu wa Kiseke ana udhuru gani?

Ndani ya mkataba huo yatajwe mambo ambayo watu huona haya kuyataja wakiwa bado wana furaha. Asiyeweza kuchanga kwa miezi mitatu atafanywaje? Kwa maoni yetu asinyang'anywe. Fungu lake lipunguzwe kwa kadiri ya kile asichotoa, na abaki na alichokwisha kuweka. Kazi ya mikono nayo iandikwe kwa siku na kwa bei, siku ile ile inapofanyika, kwa kuwa fundi wa mfano wetu aliyepasua mawe mwezi mzima ameweka fedha nyingi kuliko aliyeleta noti. Nani ashike fedha za kodi ya pango? Ifunguliwe akaunti benki ya pamoja, yenye sahihi za watu wawili. Nani azungumze na wapangaji? Awe mmoja, lakini daftari lisomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Mke au mume wa kila mbia auone mkataba, atie sahihi kwamba ameuona, na apewe nakala aiweke nyumbani. Twalisisitiza sharti hili kuliko mengine yote. Mbia anayekataa mkewe asijue, anawaambia wenzake mapema jinsi atakavyowaficha wao.

Wabia pia wajue kwamba kwa sheria ya mikataba, ambayo ndiyo yenye sheria ya ubia nchini mwetu, tendo la mbia mmoja katika shughuli zao huwafunga wote, na deni la ubia ni deni la kila mmoja. Mbia akikopa mifuko mia ya saruji kwa jina la shughuli, mwenye duka aweza kumdai yeyote kati yao. Kwa hiyo iandikwe kwamba hakuna wa kukopa kitu bila sahihi za wote. Na twachukizwa kidogo na desturi ya kumtuma mmoja achukue mkopo wa mshahara kwa ajili ya kikundi. Makato yatakuja katika karatasi yake ya mshahara peke yake, kila mwezi, hata wenzake wakichelewa, hata vyumba vikikaa vitupu. Afadhali kujenga chumba kimoja mwaka huu na cha pili mwaka ujao, kwa fedha zilizo mkononi.

Vyumba vitakaa vitupu wakati mwingine. Hesabu ya mtu mwenye busara haiweki miezi kumi na miwili ya kodi katika mwaka, huweka kumi. Paa litavuja. Shimo la choo litajaa. Mapato ya pango hutozwa kodi ya Serikali, na kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU tangu mwaka 2021; na kwa kuwa anayenunua umeme ndiye anayekatwa, naye mara nyingi ni mpangaji, wenye nyumba waungwana humrudishia katika kodi yake. Wachache tu ndio tuliosikia wakifanya hivyo.

Kila stakabadhi ya saruji, ya nondo, ya mchanga, ya fundi, itunzwe. Siku kiwanja kitakapouzwa, kodi hukokotolewa juu ya faida, yaani bei ya kuuza baada ya kutoa gharama zilizotumika. Na mtu aliyetupa stakabadhi zake ataonekana kana kwamba nyumba iliota yenyewe.

Mwishoni kuna suala la kutoka. Muuguzi atahamishiwa Kigoma. Dereva atakuwa na mtoto wa kupeleka chuo, atataka fedha zake sasa, wakati wenzake wataka kujenga chumba cha sita. Hakuna uovu hapo. Maisha ya watu wanne hayaendi kwa saa moja. Mkataba useme tangu mwanzo kwamba anayetaka kutoka atoe taarifa, tuseme miezi sita kabla. Kwamba thamani itakisiwa na mthamini aliyesajiliwa, si kwa kelele za kikao. Kwamba wenzake ndio wenye haki ya kwanza kulinunua fungu lake, kwa mafungu ya malipo wakipenda, na wakishindwa ndipo atafutwe mtu wa nje ambaye wote watamridhia. Wakishindwana kabisa, sheria yawapa njia ya kuomba kiwanja kigawanywe au kiuzwe na fedha zigawiwe, na Baraza la Kata laweza kuwasuluhisha kabla hawajafika katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako kesi huchukua muda na fedha ambazo zingejenga chumba kingine. Na yule aliyetoka, akiisha kulipwa senti yake ya mwisho mbele ya mashahidi, jina lake lihamishwe katika daftari la Msajili mwezi huo huo, wala lisiachwe hapo kwa ajili ya urafiki.